Majibu Kwenye Njia ya Manjano

Kaka Mkubwa alikuja na viatu vya ofisini. Vyeusi, vya kamba, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Kitinda aliviona kutoka kiti cha nyuma, mara tu kaka yake alipofungua mlango wa gari maegeshoni, akataka kusema neno, akalimeza. Alikwisha kumwambia kwenye simu, mara mbili, kwamba wanakwenda kutembea msituni, hawaendi kikaoni.

"Si ulisema njia yenyewe ni nyepesi?" kaka yake aliuliza, baada ya kuona anakotazama.

"Ni nyepesi."

"Basi. Hivi vinatosha."

Mama aliteremka upande wa pili, akashika fimbo yake, akamtazama mwanawe wa kwanza kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Alicheka kwa pua tu.

Kwao Kitinda aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa kitindamimba. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, na wauguzi kumi na wawili walikuwa wakinyamaza akiingia. Lakini nyumbani jina halikubadilika na wala hakuna aliyeona sababu ya kulibadili. Kitinda, leta maji. Kitinda, mpigie daktari. Kitinda, wewe huna mume wala mtoto, wewe utakaa na Mama.

Hilo la mwisho lilisemwa miezi ishirini iliyopita, siku Mama alipotoka hospitali. Kiharusi kilimkuta akianika nguo. Upande wa kulia ulirudi karibu wote. Mguu ulibaki mzito kidogo, na maneno yakawa yanakuja polepole, moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi gizani. Mwanamke aliyekuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na moja, aliyekuwa akiwagombeza watu dirishani kwa kuandika anwani vibaya, sasa alikuwa akianza sentensi na watoto wake wanaimalizia.

Daktari alisema atembee. Mahali tambarare, kila wiki, aongeze kidogo kidogo. Ndivyo walivyofika msituni, nusu saa na ushee kutoka mjini, ambako kila Jumapili asubuhi kulikuwa na matembezi mepesi kwa wazee, wajawazito na watu waliotoka kuugua. Njia zilikuwa tatu, zimewekewa nguzo za rangi. Ya manjano ilikuwa kilomita moja na robo, haina mlima, inapita chini ya misonobari, inavuka kijito kwa daraja la mbao, kisha inachungulia uwanda na kurudi. Ya kijani ilikuwa kilomita nne. Nyekundu ilizunguka uwanda wote wa vichaka vifupi, kilomita kumi za mchanga na upepo.

Aliyepaka zile nguzo rangi, aliyejenga daraja na kuchonga mabenchi, alikuwa mlinzi wa msitu. Watembeaji walimwita Bwana Njia. Mwanamume wa miaka arobaini na minne, mrefu, mabega yameinama kidogo kwa mazoea ya kupita chini ya matawi. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya serikali mwisho wa njia ya kijani.

Jumapili ya kwanza kabisa Mama alisimama katikati ya njia, akainua fimbo, akaanza, "Ile... ile..." Neno likakataa kuja. Kitinda akafanya walivyozoea.

"Anauliza choo kiko wapi," alisema.

Bwana Njia hakugeuka. Aliendelea kumtazama Mama usoni kwa utulivu, kama mtu asiye na safari nyingine. Wenzao wakapita. Ikapita karibu dakika nzima.

"Ndege," Mama alisema hatimaye. "Yule mwekundu. Anaitwaje?"

Aliambiwa jina la ndege. Na Kitinda, akiwa ameona aibu mpaka masikio yanawaka moto, akamtazama yule mwanamume kwa mara ya kwanza sawasawa.

Hayo yalitokea Jumapili kumi na nne zilizopita. Katikati yake kulikuwa na mazungumzo mengi nyuma ya mgongo wa Mama, chai ya chupa kwenye mabenchi, mikono iliyogusana wakati wa kupokezana kikombe na ikachelewa kuachana. Na Jumapili mbili zilizopita Bwana Njia alisema, bila kupiga magoti wala kuzunguka mbuyu, "Ningependa nikuoe. Fikiria, unijibu."

Kitinda aliomba wiki mbili. Leo zilikuwa zimetimia.

Alhamisi kulikuwa na kikao sebuleni. Kaka Mkubwa alikaa kwenye kochi kubwa, dada yao wa kati alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Hatukatai uolewe," Kaka Mkubwa alisema. "Nani amekataa? Tunauliza tu Mama atabaki na nani."

"Ndiyo hilo," simu ikaitikia. "Mimi niko mbali, mnajua hali yangu. Na huyo mtu mwenyewe ni wa porini. Ukiugua huko?"

"Mimi ni muuguzi, Dada."

"Muuguzi haugui?"

"Mama..." Mama alianza.

"Mama amechoka," Kaka Mkubwa akammalizia. "Tusimchoshe. Jumapili nitakuja mwenyewe kumwona huyo bwana. Nikimwona nitajua."

Alikuwa mkaguzi wa majengo. Miaka ishirini na tano alikuwa akiingia kwenye nyumba za watu, anagonga kuta, anatikisa vyuma vya ngazi, anaandika kasoro. Aliamini binadamu naye ana nyufa zinazoonekana ukijua pa kutazama.

*

Bwana Njia alikuwa akiwasubiri kwenye nguzo ya kwanza ya manjano, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba... mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Shikamoo, kaka."

Kaka Mkubwa aliipokea ile shikamoo kwa furaha, kwa kuwa ilimweka mahali alipotaka kukaa. "Marahaba," alisema. "Ndiwe wewe?"

"Ndimi."

Kitinda na Bwana Njia walitazamana juu ya bega la Kaka Mkubwa. Macho ya mwanamume yaliuliza, na ya Kitinda yakakwepa, yakaenda kwenye misonobari. Alikuwa hajajua atamjibu nini. Usiku mzima aligeuka kitandani akitafuta jibu ambalo halitamuumiza mtu, na jibu la aina hiyo halikuwepo.

Walianza kutembea. Jumapili hiyo watu walikuwa wachache, mama mjamzito na mumewe na wazee wawili waliotangulia mbele wakibishana. Ardhi ilikuwa laini kwa majani makavu ya misonobari, na miguu haikutoa sauti. Mama alitangulia na fimbo yake, Bwana Njia ubavuni kwake, nusu hatua nyuma. Kaka Mkubwa aliwafuata akikagua.

"Hizi nguzo umezichimbia kina gani?"

"Nusu mita, kaka."

"Hm. Na hizi mbao za hapa kwenye tope? Zikilowa hazitelezi?"

"Nimezipigia waya juu. Tazama."

Kaka Mkubwa alitazama, akasugua kwa soli ya kiatu. Haikuteleza. Darajani alishika ukingo kwa mikono miwili akautikisa kwa nguvu zake zote mpaka mume wa yule mjamzito akageuka kuona kuna nini. Ukingo haukutikisika.

"Umepigwa bolti," Bwana Njia alisema. Sauti yake haikuwa na kejeli, ingawa Kitinda aliitafuta.

"Naona," Kaka Mkubwa alisema, na ikamuuma kidogo kuona.

Baada ya daraja Mama alipumzika kwenye benchi la pili, kama kawaida. Kitinda alimfungulia chupa, akammiminia chai, akampulizia, akamsogezea kikombe mdomoni. Mama alikichukua kwa mkono wake wa kulia, akakiweka kando.

"Benchi hili," Mama alisema, "halikuwa... hapa."

"Lilikuwa hapa, Mama," alisema Kaka Mkubwa, ambaye hakuwa amewahi kufika.

Bwana Njia aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

"Lilikuwa... pale." Mama alinyoosha fimbo mbele, kwenye mti wenye uvimbe kwenye shina. "Hatua arobaini. Nilikuwa... nachoka kabla ya kufika. Jumapili ya tatu... likawa hapa."

Kitinda aligeuka. Kweli, chini ya ule mti kulikuwa na mashimo manne yaliyojazwa udongo, nyasi changa zimeanza kuota. Alikuwa amepita hapo Jumapili kumi na mbili asiyaone. Benchi lenyewe lilikuwa gogo lililopasuliwa, zito, la kubebwa na watu watatu.

"Ulilisogeza na nani?" alimuuliza.

"Peke yangu. Nililibiringisha," Bwana Njia alisema. "Ilichukua siku."

Moyo wa Kitinda uliruka, ukatua vibaya. Kama jibu lingetakiwa pale pale, angelitoa. Lakini hakuna aliyeuliza, na Kaka Mkubwa, ambaye aliona uso wa mdogo wake na akaelewa kwamba mambo yanamponyoka, akakohoa.

*

Msitu uliishia ghafla. Ukitoka tu chini ya mti wa mwisho unakuta uwanda, vichaka vya kufika gotini vyenye maua ya zambarau, njia ya mchanga mweupe, mbingu nyingi. Mama alikaa kwenye benchi la tatu akielekeza uso juani. Hapo ndipo Kaka Mkubwa aliposema.

"Bwana, mimi ni mtu wa kuuliza. Niliuliza watu kuhusu wewe. Nasikia ulikuwa na mke."

"Ndiyo, kaka."

"Na mke alikaa kwenye hiyo nyumba yako miezi minane, akakimbia."

Upepo ulipita kwenye vichaka. Kitinda alimtazama Bwana Njia, akisubiri akanushe. Hakukanusha.

"Aliondoka, ndiyo," alisema. "Miaka sita iliyopita. Tuliachana kwa taratibu zote."

"Mdogo wangu anajua?"

Bwana Njia alimgeukia Kitinda mwenyewe, akamjibu yeye. "Hajui. Sikumwambia."

Kitinda aliondoka. Hakukimbia. Alifuata tu njia ya mchanga kuelekea uwandani, kwa hatua za wodini, za haraka na zisizo na kelele. Alisikia nyayo nyuma yake, hakugeuka mpaka walipokuwa mbali, watu wa benchini wamekuwa wadogo.

"Ungeniambia lini?"

"Nilitaka kukuambia leo." Akatikisa kichwa. "Hapana, huo ni uongo. Nimekuwa na Jumapili kumi na nne. Kila nikifungua mdomo naona utageuka uondoke. Niliogopa, basi."

"Umenifanya niwe mjinga mbele ya kaka yangu. Ana furaha gani sasa hivi, unaijua?"

"Najua. Nisamehe."

"Kwa nini aliondoka?"

"Alisema nyumba ni kimya na mimi ni kimya zaidi. Alikuwa mkweli. Nilikuwa nikirudi jioni nakula, nalala, sina neno. Si kwamba nilimchukia. Nilidhani mtu akiwa ndani ya nyumba yako anajua unampenda, hakuna haja ya kumwambia. Siku aliyoondoka alikuwa amepanga sanduku wiki nzima mbele ya macho yangu. Sikuuliza."

Kitinda aliyasikiliza hayo akiwa amefunga mikono kifuani. Alitaka kuendelea kukasirika, na hasira ilikuwapo, lakini ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, maana hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia kosa lake waziwazi namna hiyo bila kulivisha nguo.

"Na mimi unitie kwenye kimya hicho hicho?"

"Nimeongea na wewe zaidi Jumapili hizi kuliko nilivyoongea na yeye miezi minane. Huoni?"

"Naona mtu aliyenificha jambo kubwa."

"Sawa. Hilo ni kosa langu, nimelibeba." Sauti yake ikapanda kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Kitinda amfahamu. "Na wewe je? Nilikuuliza swali. Wiki mbili. Umekuja na kaka. Nikikuuliza sasa utanijibu nini? Utasema Mama. Nilipokualika kuona nyumba, ulisema Mama. Njia ya kijani, Mama. Mimi nampenda mama yako, lakini sikumposa yeye."

"Mama ni mgonjwa!"

"Mama yako anatembea kilomita moja na robo na anakumbuka benchi lilikuwa wapi."

"Usinifundishe mimi habari za wagonjwa. Usithubutu."

"Sikufundishi. Nauliza tu, ni yeye asiyeweza kuachana na wewe, au ni wewe?"

Kitinda alifungua mdomo, maneno hayakuja. Alisimama hivyo, midomo wazi. Bwana Njia akasubiri, kama alivyomsubiri Mama siku ile, na kusubiriwa huko kulimkasirisha kuliko maneno yote.

"Wee Kitinda!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Haikuwa imepanda hivyo kwa miezi ishirini. Waliangalia wote wawili. Mama alikuwa amesimama mbele ya benchi, fimbo ameielekeza kwao kama alivyokuwa akiwaelekezea muhuri watu wa foleni.

"Njoni hapa. Wote."

*

Walirudi. Kaka Mkubwa alikuwa amekaa, uso wa mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mama hakukaa.

"Alhamisi," Mama alisema, "mliongea. Mimi nilikuwa... nilikuwa..."

"Umechoka," Kaka Mkubwa alisema.

"Nyamaza."

Kaka Mkubwa alinyamaza. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hajaambiwa neno hilo tangu akiwa na kumi.

"Nilikuwa hapo hapo. Kwenye kiti. Mama atakaa na nani, Mama atakaa na nani. Hakuna... aliyeniuliza." Alivuta pumzi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Mimi nitakaa... kwako."

Fimbo ilikuwa imeelekezwa kifuani kwa Kaka Mkubwa.

"Kwangu?"

"Kwako."

"Mama, hapana shida, karibu sana, hata wiki mbili, tatu..."

"Kabisa."

Kaka Mkubwa alimtazama Kitinda kuomba msaada, kisha Bwana Njia, kisha viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa na rangi ya mchanga. "Mama, kwangu kuna ngazi. Vyumba viko juu. Na inabidi nizungumze kwanza na mwenzangu, huwezi ukamletea mke wa mtu jambo kama..."

"Nimeshampigia."

"Umempigia nani?"

"Mkeo. Ijumaa. Alinisubiri... mpaka nikamaliza kusema. Amekubali." Mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule ulio mwepesi. "Chumba cha chini. Kile unachojaza... makaratasi. Ameanza kuyatoa."

Yule mume wa mjamzito, aliyekuwa amepumzika karibu na nguzo, akageuza uso pembeni ili acheke.

Kitinda hakucheka. Alikuwa amesimama akihisi kama mtu aliyeondolewa kiti. "Mama, nimekukosea nini?"

Uso wa Mama ulilainika. Alinyoosha mkono wa kulia, ule uliokuwa umekufa, akamshika kidevu.

"Hujanikosea. Lakini... unanikatia nyama. Unanipulizia chai. Unanivisha soksi. Nina mikono, mwanangu." Alisimama kidogo, si kwa kutafuta neno safari hii, bali kwa kulipima. "Mimi nilizaa mtoto. Sikuzaa yaya."

Kisha akageuka, akamwambia Kaka Mkubwa, "Twende. Gari. Nataka kuona... hicho chumba leo," akaanza kurudi msituni kwa mwendo wake, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Kaka Mkubwa alibaki sekunde mbili tatu, mkaguzi aliyeangukiwa na ukuta aliosema ni imara, kisha akamkimbilia. Walimsikia akiuliza, "Makaratasi ameyapeleka wapi?"

*

Kitinda alikaa kwenye benchi akalia. Hakulia kwa uzuri. Pua ilimtiririka, na leso ilikuwa kwenye mkoba wa Mama. Bwana Njia alimpa kitambaa chake, kilichonuka rangi ya nguzo, akakaa upande wa pili wa benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nilijua," Kitinda alisema baada ya muda. "Kwamba anaweza kuvaa mwenyewe. Nilimwona. Kuna siku nilirudi kazini mapema nikamkuta amefunga vifungo vyote, na viatu amevaa. Nikatoka nje kimyakimya, nikaingia tena kwa kishindo. Alikuwa ameshavifungua." Alifuta pua. "Tumekuwa tukidanganyana miezi. Yeye ananiachia nimvishe ili nisijisikie vibaya, na mimi namvisha kwa sababu mtu anayemvisha mama yake, hakuna anayemuuliza kitu. Huulizwi kwa nini hujaolewa. Huulizwi unataka nini. Ndugu wanakusifu tu."

"Pole."

"Usiniambie pole. Ulikuwa sahihi na bado nina hasira na wewe."

"Una haki."

"Na hilo la mkeo nitaliuliza tena. Nyumbani, njiani, popote. Siku nikikumbuka tu nitauliza, na utajibu."

"Nitajibu."

"Kazi siachi. Watoto wangu wa wodini siwaachi. Nitaendesha kila asubuhi na kurudi."

"Njia ya gari ina mashimo mpaka barabara kuu. Nitayaziba kabla ya mvua," alisema, na ilikuwa dhahiri kwamba alishayahesabu.

Kitinda karibu acheke. Alimtazama huyu mwanamume aliyebiringisha gogo siku nzima na asiseme, aliyeficha ndoa nzima na asiseme, na akaona kwamba ni tabia ile ile, kwa uzuri na ubaya wake, na kwamba itambidi kuishi na vyote viwili.

"Ukinyamaza siku tatu nitapiga kelele," alisema. "Nakuonya. Nyumbani kwetu tunapiga kelele."

"Nimewasikia leo."

"Basi niulize tena. Swali la wiki mbili zilizopita ulimuuliza mwanamke mwenye kisingizio. Mimi sina tena."

Bwana Njia alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa kusema mambo mara moja, na kurudia kulimpa tabu, na Kitinda alimwacha apate tabu.

"Nakupenda," alisema. "Hilo sikulisema siku ile, nilisema kuoa tu. Nakupenda tangu ulipomwomba mama yako msamaha kwa ajili ya yule ndege, njia nzima mpaka kwenye gari. Nilikuwa nyuma yenu nikasikia. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali," Kitinda alisema.

Alisogea yeye, akaijaza ile nafasi ya katikati. Bega la mwanamume lilikuwa na joto la jua. Walikaa hivyo bila kusema, na kile kimya hakikuwa na ubaya wowote. Wale wazee wawili walikuwa wanarudi kutoka upande wa pili wakiwa bado wanabishana, wakawapita, mmoja akawaambia hamjambo na mwingine akamkanyaga kwa makusudi ili aendelee kutembea.

Kisha wakasikia mtu akihema. Kaka Mkubwa alikuwa anatoka msituni, suruali imekunjwa, tai ameitia mfukoni, jasho linamtoka. Alisimama mbali kidogo, akawaona walivyokaa, akaangalia misonobari, akaangalia uwanda, akarudi kuwaangalia.

"Gari limezama kwenye mchanga pale maegeshoni," alisema. "Nilikuwa nageuza kwa haraka. Mama amekaa mbele, amekataa kushuka, anasema kama ni uzito basi nimpunguze aliyekuwa na haraka."

Alikohoa, akafuta mikono kwenye suruali, akamnyooshea Bwana Njia mkono mmoja.

"Shemeji," alisema, "njoo tusukume."